Mlinzi Sifuri

Maiti ilikuwa imekaa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta kabla hata hajavaa glavu: mtu kufa ameketi, mikono mapajani, kama anayesubiri kuitwa jina hospitali.

"Mlimkuta hivi?" aliwauliza wapakiaji.

"Hapana, afande. Tulipovuta mlango alituangukia. Alikuwa ameuegemea kwa ndani."

"Kwa hiyo mkamkalisha."

"Tuliona vibaya alale sakafuni. Ni bosi wetu."

"Mmenikalishia ushahidi," alisema Inspekta, akainama.

Marehemu alikuwa msimamizi wa stoo ya chanjo. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa barafu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka. Alikuwa amegonga mlango mpaka ngozi ikaisha. Jeraha jingine halikuwepo. Pembeni yake, juu ya sakafu, kulikuwa na kikombe cha plastiki kilichojaa maji yaliyoganda, na chini kabisa ya barafu, sarafu moja imelala kama jicho la samaki.

"Alikuwa na kiu?" aliuliza koplo.

"Kwenye chumba cha kugandisha? Kiweke kikombe kwenye boksi la baridi. Kikiyeyuka, nakuyeyusha wewe."

Fundi wa majokofu alikuwa amesimama kando akifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi. Ndiye aliyewapokea polisi, akatelezesha kadi yake mlangoni na kuzima feni ili wafanye kazi bila kutetemeka. Mtu mpole, wa kusema kidogo. Inspekta alishika kirungu cha dharura, kile cha kusukuma kwa ndani mtu akifungiwa. Kilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Hakikushika kitu.

"Hiki vipi?"

"Kiliharibika, afande. Kipuri kimeagizwa."

"Lini?"

"Zamani."

Nje ya mlango hali ilikuwa tofauti. Komeo la chuma lilikuwa limesukumwa hadi mwisho, na wapakiaji waliapa kwamba pini yake walikuta imepigwa mahali pake, barabara. Mtaalamu wa alama za vidole aliipulizia unga wake, akatikisa kichwa. Pini ilikuwa imefutwa. Haikuwa na alama za vidole, ilikuwa na utando mwembamba wa mafuta tu.

Inspekta alikuwa bado anaandika "mafuta" kwenye daftari lake simu ilipolia. Alikuwa Mkuu wa Kituo, ambaye askari wote walimwita Tumemaliza, ila si mbele yake.

"Njoo kituoni. Mtu tunaye."

"Mtu gani, mkuu? Mimi hata maiti sijaitoa."

"Mlinzi wa jioni. Mlango ule unafunguliwa kwa kadi, kadi zinaandikwa kwenye kompyuta, kompyuta imesema. Karatasi ninayo mkononi. Na isitoshe, marehemu alimshtaki juzi kwa kuacha geti wazi. Chuki hiyo. Kesho saa nane tunampandisha mahakamani. Tumemaliza."

Inspekta aliitazama simu kama mtu anayetazama mbu aliyemkosa. Kisha akabandika utepe mlangoni, akatia lakiri, na kuwaambia wapakiaji kwamba boksi lolote likitoka humo bila sahihi yake, watatoka nalo wakiwa na pingu.

*

Asubuhi iliyofuata, benchi la kituo lilikuwa na mwanamke mmoja mtu mzima, ameshika mfuko wenye shuka na chupa ya chai. Alikuwa amefika kabla ya askari wa zamu kubadilishana.

"Wewe ndiye mkubwa wa kesi?" aliuliza.

"Mimi ni Inspekta. Wewe ni nani yake?"

"Nimemzalia mke. Yule mlinzi mliyemfunga ni mkwe wangu." Alishusha pumzi. "Sikuja kumsifu. Mtu yule ni mvivu, na uvivu wake si wa kawaida. Binti yangu kajifungua wiki iliyopita, mwenzake analala kuliko mtoto."

"Mama, kama huna la kumtetea..."

"Subiri, mwanangu, hujafika kwenye nyama. Nasikia mtu alifungiwa. Komeo likasukumwa, na pini ikatiwa. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi si yeye. Mkwe wangu hafungi mlango. Tangu amwoe binti yangu sijamwona akifunga mlango. Anaingia, anauacha. Anatoka, anauacha. Kuku wameshalala kitandani kwangu kwa ajili yake. Nimesema, nimechoka, nikaweka mpaka jiwe. Leo mniambie kafunga komeo, halafu akakumbuka na pini? Mngesema kamwacha mtu ndani mlango wazi, ningewaamini."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa amesikia utetezi wa mawakili wenye majoho, na wengi wao hawakuwa na hoja hiyo.

"Mama, mahakama haiwezi kupokea kuku."

"Basi tafuta itakachopokea. Mtoto yule hajapewa hata jina. Baba yake akienda leo jela, nani atamtafutia? Mimi nimeshalea wangu."

Inspekta alikwenda mahabusu. Mlinzi alikuwa amelala.

"Amka wewe! Kesi ya mauaji, unakoroma?"

"Nilikuwa nawaza, afande."

"Juzi jioni ulifungua chumba cha kugandisha?"

"Sijawahi kukifungua. Kuna baridi."

"Ulisikia mtu akigonga?"

Mlinzi aliinamisha kichwa. "Geti liko mbali, na zile mashine zinanguruma. Halafu... nilikuwa nawaza."

"Kwa macho yaliyofumba."

"Ndiyo, afande." Aliinuka, akakaa kitako. "Ningekuwa macho ningemsikia. Hilo nalijua. Lakini sikumfungia."

*

Karatasi ya kompyuta ilikuwa juu ya meza ya Mkuu, imewekewa kikombe cha chai. Inspekta alikiinua kikombe, akaisoma mara ya kwanza kwa utulivu. Ilikuwa na safu tano: Saa, Mlango, Joto, Mlinzi wa zamu, Kadi iliyofungua. Kwenye mstari wa mwisho wa juzi jioni, chini ya Kadi iliyofungua, mahali ambapo huandikwa cheo badala ya jina, palisema: MLINZI-JIONI.

"Unaona?" alisema Mkuu.

"Naona. Na hapa kwenye Mlinzi wa zamu imeandikwa nne. Nne ndiyo nini?"

"Mlinzi namba nne."

"Stoo ile ina walinzi wangapi?"

"Sijui. Wa kutosha."

"Wawili, mkuu. Wa mchana na wa jioni. Hapa kuna namba nne, namba tisa, namba mbili, namba saba." Kidole chake kilishuka, kikasimama. "Na hapa zamu ilishikwa na mlinzi sifuri."

"Inspekta, mbona unatafuta kasoro kwenye kitu kilichonyooka? Kompyuta haina chuki na mtu."

"Na hapa, siku nzima waliofungua chumba hiki ni walinzi tu. Wapakiaji hawakuingia? Msimamizi mwenyewe hakuingia? Basi maiti ilipitia wapi, dirishani? Chumba hakina dirisha."

"Alifunguliwa na mlinzi!"

"Ili agandishe maji kwenye kikombe?"

Mkuu alivuta kikombe chake cha chai, akakirudisha juu ya karatasi. "Saa nane," alisema. "Una mpaka saa nane. Baada ya hapo, tumemaliza."

*

Mtaalamu wa kompyuta wa stoo alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi na kiti kinachozunguka, naye alizunguka nacho kila alipojibu.

"Programu hii nimeiandika mwenyewe," alisema. "Kila mlango una kisanduku. Kila alfajiri kisanduku kinatuma faili la kadi zilizopita. Programu inalipokea, inalikata vipande, inapanga kwenye safu. Mkono wa mtu haugusi."

"Inajuaje pa kukata?"

Swali lilimfurahisha. "Hapo ndipo kwenye utamu. Inatambua yenyewe! Faili ni maneno tupu yaliyopangwa mstari kwa mstari, kati ya neno na neno pana alama ya kutenganisha. Visanduku vingine hutumia mkato, vingine nukta-mkato. Zamani ilibidi uiambie. Yangu inasoma mistari ya mwanzo, inahesabu alama. Alama inayojirudia sawasawa katika kila mstari, basi ndiyo hiyo. Haina haja ya kumuuliza mtu."

"Na isipokuwa na uhakika?"

"Huwa inao."

"Na ikikosea?"

"Haijawahi kukosea."

"Sikuuliza hivyo. Ikikosea, inasema nini?"

Kiti kilisimama. "Haisemi kitu."

Inspekta alifumba macho kidogo. Alikuwa na shangazi wa namna hiyo. "Nionyeshe faili lenyewe. La juzi, mlango wa kugandisha. Kabla programu haijaligusa."

"Lakini hakuna anayeangalia faili lenyewe, afande. Ndiyo maana ya programu."

"Mimi nitakuwa wa kwanza. Fungua."

Alifungua. Mistari ilijaa kiooni, mibichi, bila safu wala mapambo. Inspekta alisogeza uso akasoma ule wa mwisho wa jioni, na baada ya tarakimu za saa palikuwa na maneno haya: KUGANDISHA,-17,4,MLINZI-JIONI,FUNDI.

Aliweka kidole kwenye mstari huo.

"Joto lilikuwa nyuzi ngapi?" aliuliza Inspekta taratibu.

"Kumi na saba na nukta nne, chini ya sifuri."

"Hiyo nukta nne imeandikwa kwa alama gani?"

"Vipimajoto vyetu vinaandika desimali kwa mkato." Kisha akajisikia mwenyewe. "Kwa mkato."

"Na vipande vya mstari vimetenganishwa kwa alama gani?"

"Kwa... mkato."

"Kwa hiyo mkato mmoja ni ukuta wa nyumba, na mkato huo huo ni pazia la chumbani. Programu yako ikaona vyote ni ukuta. Joto likagawanywa. Kumi na saba ikabaki kwenye Joto, ile nne ikasukumwa kwa Mlinzi wa zamu, mlinzi wa zamu akasukumwa kwenye Kadi iliyofungua. Na kadi yenyewe iliyofungua, iko wapi?"

"Inakuwa kipande cha sita. Fomu ina safu tano."

"Cha sita kinaenda wapi?"

"Kinachozidi kinakatwa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ili karatasi ipendeze."

Inspekta alisimama, akaenda mpaka ukutani, akarudi. Angekuwa mtu wa kupiga meza, meza ile ingekuwa kuni. "Binadamu yuko mahabusu, kichanga chake hakijapewa jina, ili karatasi ipendeze! Ingeuliza tu. Neno moja: jamani, leo mbona vipande ni sita? Hata mtoto anayetumwa chumvi dukani akikuta hakuna anarudi kuuliza."

"Lakini siku zote inakata vizuri, afande! Kisanduku hiki hutumia nukta-mkato. Tazama la siku iliyotangulia." Alifungua faili jingine. Kweli, kuta zote zilikuwa nukta-mkato, na mkato ulibaki ndani ya joto peke yake, pazia mahali pake. "Mtu kakibadilisha. Ukitia chaguo jingine kwenye kisanduku, alfajiri kinatuma siku nzima kwa alama mpya."

"Ufunguo wa kisanduku anao nani?"

Mtaalamu alitazama tena lile neno la mwisho kwenye mstari.

"Fundi," alisema.

*

Fundi wa majokofu aliingia chumba cha mahojiano na kitambaa chake mkononi. Koplo alikaa pembeni na kalamu.

"Kisanduku cha mlango wa kugandisha," alianza Inspekta. "Mara ya mwisho kukifungua?"

"Miezi imepita, afande."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi."

"Umewahi kumwazima mtu?"

"Hata siku moja. Mimi si mtu wa kuazimana vifaa."

"Safi. Andika, koplo: haazimi. Sasa, kisanduku ambacho hakijaguswa kwa miezi kilibadilisha alama juzi jioni. Kilijibadilisha chenyewe?"

Fundi alifuta kidole kimoja, kisha cha pili. "Umeme ukikatika, huwa vinasahau mipangilio."

"Umeme ulikatika juzi?"

"Sina uhakika."

"Mimi ninao. Haukukatika. Juzi jioni uliingia chumba cha kugandisha?"

"Hapana. Nilishaondoka."

"Kadi yako imeingia."

Hapo ndipo macho yake yaliponyanyuka kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameiona karatasi ya Mkuu. Nusu ya watu wa stoo walikuwa wameiona. Haikuwa na neno FUNDI popote.

"Kadi yangu... kadi ilipotea, afande."

"Lini?"

"Juzi. Mchana."

"Uliripoti?"

"Sikupata nafasi."

"Koplo, jana asubuhi tulipofika stoo, mlango ule tulifunguliwa na nani?"

"Na fundi, afande."

"Kwa kitu gani? Kwa dua?"

"Kwa kadi. Aliitoa mfuko wa kifuani."

Fundi alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka mezani kana kwamba amemaliza kazi ya siku. Inspekta alikisogeza kando kwa ncha ya kalamu. "Hicho kitaenda maabara. Pini ya komeo ina mafuta, na mlinzi wa geti hashiki grisi. Kusema kweli hashiki kitu chochote." Kisha akafungua boksi la baridi na kutoa kikombe cha plastiki. "Na hiki. Marehemu aligandisha maji kwenye kikombe, akaweka sarafu juu ya barafu, akakiacha humo chumbani siku kadhaa. Sarafu haizami kwenye barafu. Inazama kwenye maji. Niambie, fundi, ilifikaje chini?"

Kikombe kilianza kutoka jasho pembeni.

"Chumba kiliyeyuka," alisema Inspekta. "Kikaganda tena. Na chumba cha kugandisha kikipata joto, kuna king'ora cha kuamsha kijiji. Mbona hakikulia?"

"Nilikikata," alisema fundi.

Alisema kwa sauti ya chini, bila kuhimizwa tena.

"Kilikuwa kinalia kila mara, afande. Mlango ukikawia kidogo, kinalia. Umeme ukicheza, kinalia. Nimelala kwangu, simu: njoo, king'ora. Nafika, hakuna kitu. Kilinichosha. Siku za mapumziko nikakata waya, nikasema nipumzike na mimi. Nikarudi kazini nikakuta mashine imezimika, sijui ilikaa hivyo muda gani. Maji sakafuni. Nikaiwasha, nikapiga deki. Maboksi kwa nje yalikuwa mazima. Nikasema yamepita."

"Na msimamizi akaona sarafu."

"Aliniita juzi jioni. Nilimfungulia mimi, mikono yake ilikuwa na makaratasi. Akanionyesha kile kikombe. Akasema chanjo yote inateketezwa, na kesho anaandika kwa wakubwa kwamba fundi alikata king'ora. Nikamwomba. Nina mwaka mmoja tu nistaafu. Nikamwomba kama mtoto. Akasema, watoto ndio wangechomwa hayo maji. Akageuka kuhesabu maboksi. Nikatoka, nikafunga."

"Ukijua kirungu cha ndani hakifanyi kazi."

"Mimi ndiye sikukitengeneza." Alitazama mikono yake. "Nilitaka akae kidogo tu, hasira zimtoke. Nikazunguka nyuma ya mashine. Nikamsikia akigonga. Nikasema, narudi sasa hivi. Halafu nikawaza: nikimtoa, alikuwa na neno moja la kunisema, sasa atakuwa na mawili. Kila nikikawia, neno la pili linakuwa kubwa. Nikakawia mpaka akanyamaza."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimpa ishara aendelee.

"Na kisanduku?"

"Kuna siku nilibadilisha betri yake, kikasahau alama, kikatuma kwa mikato. Karatasi ikatoka mimi simo. Kila nilipofungua mimi palisema mlinzi. Nilisubiri mtaalamu aulize. Hakuuliza. Nikarudisha alama, nikacheka peke yangu. Juzi nikakumbuka." Alinyosha mkono kuelekea kitambaa, akaurudisha. "Nilijua hakuna atakayeangalia ndani. Wanaangalia karatasi."

"Mlinzi ana kichanga cha wiki moja. Ulilijua hilo?"

"Nilijua. Nilichanga kwenye zawadi yake."

Inspekta alifunga daftari. Kwa siku mbili alikuwa amewakasirikia wapakiaji, Mkuu, programu, kiti kinachozunguka. Sasa alipotaka hasira ya huyu, aliikosa; alikuta uchovu tu. Mtu alichoshwa na kelele, akaua. Aliyekufa alikuwa amepiga kelele ya mwisho kwa vifundo vyake, na aliyekuwepo kuisikia alikuwa ni yule yule aliyechoka kusikia.

"Mfunge pingu," alimwambia koplo. "Na ukipita stoo, utepe wangu usiguswe. Yale maboksi yanakwenda kuteketezwa, kama marehemu alivyosema."

*

Saa nane ilipofika, Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama mapokezi na maelezo ya kukiri mkononi, akiyasoma midomo ikicheza.

"Sasa hii mikato," alisema, "mimi nitaielezaje kwa wakubwa?"

"Waeleze kwamba tulisoma mstari wa kwanza tukaona tumejua, mkuu."

Mkuu alimtazama kujua kama ametukanwa. Hakupata uhakika. "Basi," alisema, "tume..." akaliacha hapo hapo, akaingia ofisini.

Mlinzi alitolewa mahabusu, shuka begani, macho mekundu. Mama mkwe wake aliinuka kutoka kwenye benchi. Inspekta alitegemea machozi.

"Umekonda," alisema mama. "Na kwa usingizi ule! Twende nyumbani, mwanao anakusubiri umpe jina. Na usilale kabla hujampa."

"Ndiyo, mama." Kisha akamgeukia Inspekta. Alisema, "Ningekuwa macho, afande."

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Ungekuwa macho."

Mlinzi akaitika kwa kichwa. Alipita mlango mkubwa wa kituo, akashuka ngazi, akaenda zake. Mlango ukabaki wazi nyuma yake, vumbi la barabara likaanza kuingia.

"Si nilikuambia!" alifoka mama mkwe, akigeuka kuurudisha. "Wewe! Mlango!"

"Uache, mama," alisema Inspekta, na akasogeza kiti kwa mguu mpaka kikauzuia usijifunge. "Leo uache hivyo hivyo."